Bill Shankly: Kocha aliyepambana na wenye timu wasiotaka kupanda daraja

HAPA Rumonge ninakofundisha, Jumatatu ni siku ngumu kwa mwalimu. Vijana huingia darasani wakiwa bado na mechi za Uingereza vichwani mwao, na wenye jezi nyekundu za Liverpool ndio wenye makelele kuliko wote.

Siku moja niliwauliza ni nani aliyeitoa timu yao Daraja la Pili. Walinitazama kama mtu aliyewatukania mama. Kwao wao, Liverpool haijawahi kukanyaga huko.

Ilikanyaga, tena ikakaa miaka minane, kuanzia mwaka 1954 hadi 1962. Haikukaa huko kwa kukosa mashabiki, maana uwanja wake uliingiza maelfu kwa maelfu kila Jumamosi. Ilikaa kwa sababu wenye timu walikuwa wameridhika. Aliyewatoa usingizini ni mtoto wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe kule Scotland, hayati Bill Shankly, na leo ninamsimulia kwa sababu zangu mwenyewe.

Mimi nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Kijijini kwetu tulikuwa na timu nzuri na mfadhili mmoja aliyeinunulia jezi na mipira. Kila timu ilipokaribia kwenda kucheza ngazi ya juu, mfadhili alikosa nauli ya lori. Tuliamini ni bahati mbaya. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipong'amua kwamba nauli haiwezi kukosekana kila mwaka, mwezi ule ule.

Basi niliposoma maisha ya Shankly kwa mara ya kwanza, nilimtambua yule mfadhili wetu karibu katika kila ukurasa, isipokuwa alikuwa amevaa suti na kofia ya Kiingereza.

William Shankly alizaliwa Septemba 2, 1913, katika kijiji cha Glenbuck, jimbo la Ayrshire, kusini magharibi mwa Scotland. Kilikuwa kijiji cha watu mia kadhaa tu, barabara moja, migodi ya makaa ya mawe na uwanja wa mpira. Timu ya kijiji iliitwa Cherrypickers. Katika muda wa kama nusu karne hivi, kijiji hicho kilitoa wachezaji wa kulipwa wapatao 50. Msomaji asidhani nimekosea tarakimu.

Nyumbani kwa akina Shankly walikuwa watoto kumi, wasichana watano na wavulana watano. Wavulana wote watano walikuja kucheza mpira wa kulipwa, na Bill ndiye aliyekuwa mdogo wao. Baba yao, John, alikuwa mtu wa posta kisha akawa fundi wa kushona suti. Kwa upande wa mama, wajomba wawili nao walikuwa wachezaji, na mmoja wao, Bob Blyth, alifika hadi kuwa mwenyekiti wa klabu ya Portsmouth. Kwa hiyo kijana huyu alijua mapema kwamba mtu wa mpira anaweza kukaa katika kiti cha mwenye timu.

Alipofika miaka 14 aliacha shule akaenda mgodini. Alianzia kazi za juu ya ardhi, baadaye akashuka chini, kwenye giza, vumbi na panya. Baada ya kama miaka miwili mgodi ukafungwa na yeye akabaki bila kazi.

Mgodini alipata kitu ambacho hakukiacha maisha yake yote. Aliona kwamba chini ya ardhi mtu hawezi kuishi bila mwenzake, kwamba kila mmoja anafanya kazi kwa ajili ya wote na matunda yanagawanywa kwa wote. Yeye mwenyewe aliuita ujamaa, na alisema ndivyo timu ya mpira inavyotakiwa icheze. Sisi tuliosoma Tanzania hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo, ingawa shuleni tulifundishwa kulitumia kwenye shamba la mahindi na si kwenye pasi fupi fupi.

Mwaka 1932 alisajiliwa na Carlisle United, timu ndogo iliyopo kaskazini kabisa mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Scotland. Msimu mmoja tu ulimtosha. Mwaka uliofuata Preston North End ilimchukua kwa pauni 500, naye akawa kiungo wa kulia, mfupi, mkakamavu, asiyechoka. Preston ilikuwa Daraja la Pili, na mwaka 1934 ikapanda.

Nasimama hapo kidogo. Katika msimu wake wa kwanza Preston, akiwa na miaka 20, Shankly alionja utamu wa kupanda daraja. Aliona mji mzima ulivyobadilika. Naamini ladha hiyo haikumtoka mdomoni, na ndiyo maana baadaye alishindwa kuwaelewa watu wazima walioikimbia.

Alicheza fainali ya Kombe la FA mwaka 1937 na kufungwa na Sunderland 3-1. Mwaka uliofuata walirudi Wembley wakaifunga Huddersfield Town 1-0 kwa penalti ya George Mutch katika dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Aliichezea Scotland mara tano. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaingia jeshi la anga, na miaka yake bora ya mpira ikaliwa na vita. Mwaka 1944 alimuoa Agnes Fisher, aliyeitwa Nessie, ambaye naye alikuwa akitumikia jeshi hilo. Walijaliwa mabinti wawili.

Machi 1949 alitundika viatu na kurudi Carlisle, safari hii akiwa kocha mkuu. Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza hasa.

Kwanza msomaji aelewe mpira wa Uingereza ulivyokuwa siku hizo. Daraja la Kwanza ndilo lililokuwa la juu. Chini yake kulikuwa na Daraja la Pili ambalo lilipandisha timu mbili kila mwaka, na chini zaidi Daraja la Tatu lililogawanywa Kaskazini na Kusini, kila upande ukipandisha timu moja tu. Ukishika nafasi ya pili kule chini, hukupata kitu.

Na wenye timu je? Walikuwa wakurugenzi, watu wenye biashara zao mjini: wenye maduka, wenye viwanda, mawakili, wauza nyama. Sheria za chama cha soka ziliwakataza kulipwa mshahara, na gawio la hisa liliwekewa kikomo. Hawakuingia mpirani kutafuta utajiri. Waliingia kutafuta heshima, kiti kizuri jukwaani, na jina lao kutajwa gazetini. Katika klabu nyingi wao ndio waliopanga hata timu ya Jumamosi, kocha akipewa orodha tu.

Sasa mtu wa namna hiyo, kupanda daraja kutamsaidia nini? Anayo heshima yake tayari. Akipanda, itabidi anunue wachezaji, alipe bonasi, na akishindwa atashuka mbele ya macho ya watu wote. Timu ikimaliza nafasi ya tatu au ya nne kila mwaka, mashabiki hujaa kwa matumaini, mapato ya mlangoni huingia, na hakuna deni. Nafasi ya tatu ni mahali pazuri sana pa kuishi, kama wewe si shabiki.

Lazima niwe mkweli, hata wao walikuwa na hofu ya haki. Katika klabu nyingi wakurugenzi ndio waliosimama dhamana benki kwa mali zao wenyewe. Timu ikifilisika, shabiki anarudi nyumbani na huzuni, mkurugenzi anarudi kukuta karani wa benki amemkalia sebuleni. Hilo tusilisahau tunapowalaani.

Shankly hakuwa na subira na hofu hiyo. Carlisle alianza kwa kuongea na mashabiki moja kwa moja. Kabla ya mechi alishika kipaza sauti cha uwanja akawaeleza waliolipa kiingilio kwa nini amebadilisha timu, nani ameumia na wiki iliyopita walikosea wapi. Jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Kwa desturi ya siku hizo mashabiki walilipa, wakapiga makofi, wakaenda zao.

Msimu wa 1950/51 Carlisle ilishika nafasi ya tatu Daraja la Tatu Kaskazini, na katika Kombe la FA ilikwenda kutoka sare na Arsenal London, kabla ya kufungwa 4-1 mechi ya marudiano. Wachezaji walikuwa wameahidiwa bonasi wakimaliza ndani ya tatu bora. Walipomaliza, bodi ikageuka. Shankly aliona ameonekana muongo mbele ya vijana wake. Akaondoka.

Mwaka huo huo wa 1951 Liverpool ilimwita kwenye usaili. Alipouliza nani anapanga timu akaambiwa wakurugenzi ndio wenye neno la mwisho, aliona kwamba hapo hapakuwa na kazi ya ukocha. Hakupata nafasi hiyo. Alikwenda Grimsby Town, mji wa wavuvi ulioko pwani ya mashariki, ambao timu yake ilikuwa imetoka kushuka hadi Daraja la Tatu.

Grimsby kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye ilikuwa moja ya timu bora alizowahi kufundisha, ukilinganisha na daraja walilokuwemo. Msimu wa 1951/52 walimaliza wa pili, pointi tatu nyuma ya Lincoln City. Walipungukiwa na pointi tatu hizo tu. Wachezaji walikuwa wakizeeka, akaomba fedha za kuongeza damu changa, bodi ikasema hakuna. Msimu uliofuata wakashuka kwenye msimamo, na mashabiki waliokuwa wakifurika wakaanza kubaki nyumbani.

Januari 1954 alijiuzulu. Nessie pia alikuwa amechoka kukaa mbali na kwao, na hilo nalo lilichangia. Akaenda Workington, mji mdogo wa chuma na makaa uliopo ufukwe wa kaskazini magharibi, ambako timu ilikuwa karibu na mkia wa Daraja la Tatu Kaskazini. Aliinusuru, na msimu uliofuata akaipeleka hadi nafasi ya nane. Lakini fedha hazikuwepo kabisa, na uwanja wenyewe ulitumiwa pia na timu ya raga, ambao waliukwatua nyasi wakati yeye akifundisha watu kupiga pasi za chini. Sitawalaumu wa Workington. Umaskini ni tofauti na uvivu, na Shankly mwenyewe alijua tofauti hiyo.

Mwishoni mwa 1955 akaitwa Huddersfield Town kuwa msaidizi wa rafiki yake wa Preston, Andy Beattie, na Novemba 1956 akakabidhiwa timu. Huddersfield haikuwa klabu ya hivi hivi. Ilitwaa ubingwa wa Uingereza mara tatu mfululizo kati ya 1924 na 1926. Sasa ilikuwa Daraja la Pili, ikiishi kwa kumbukumbu.

Alikuta vijana wa dhahabu. Mmoja alikuwa Ray Wilson, beki wa kushoto ambaye mwaka 1966 alitwaa Kombe la Dunia akiwa na England. Mwingine alikuwa mtoto mwembamba wa Aberdeen mwenye tatizo la jicho, Denis Law, ambaye Shankly alimwingiza uwanjani Desemba 1956 akiwa na miaka 16. Kocha mwenye vijana kama hao hahitaji mengi. Alihitaji beki wa kati mmoja mrefu na mshambuliaji mmoja, na alikwishawaona wote wawili kule Scotland: Ron Yeats na Ian St John.

Bodi ya Huddersfield ilisema haiwezi. Na miezi michache baada ya Shankly kuondoka, Machi 1960, wakamuuza Law kwa Manchester City kwa pauni 55,000, na sehemu ya fedha wakajengea taa za uwanjani. Mashabiki walizibatiza kwa jina la Denis Law. Mtu yeyote aliyewahi kushabikia timu inayouza mchezaji wake bora kila msimu ataelewa mzaha huo ulivyo mchungu.

Oktoba 1958 Huddersfield hiyo hiyo iliichapa Liverpool 5-0. Wakurugenzi wa Liverpool waliondoka uwanjani wamejipanga kama watu wanaotoka mazikoni. Mwaka mmoja baadaye, mwenyekiti wao T.V. Williams alirudi kumtafuta kocha aliyewafanyia vile.

Liverpool ya mwaka 1959 ilikuwaje? Tangu ishuke 1954, ilimaliza ya 11, kisha ya tatu, ya tatu tena, ya nne, na ya nne. Nimesema nafasi ya tatu ni mahali pazuri pa kuishi. Januari 1959 ilitolewa katika Kombe la FA na Worcester City, timu ambayo haikuwa hata kwenye ligi. Upande wa pili wa bustani ya Stanley, majirani zao Everton walikuwa Daraja la Kwanza, na mwaka 1960 wakampata mwenyekiti tajiri, John Moores wa kampuni ya Littlewoods, aliyetoa fedha bila kupepesa. Fikiria uchungu wa shabiki wa Liverpool aliyefanya kazi bandarini bega kwa bega na shabiki wa Everton.

Shankly aliteuliwa Desemba 1, 1959. Safari hii aliweka sharti la kupanga timu mwenyewe, na wakakubali. Mechi yake ya kwanza alifungwa nyumbani na Cardiff City 4-0.

Alichokikuta kilimtisha kuliko kipigo hicho. Uwanja wa Anfield ulikuwa mchakavu, hakukuwa hata na bomba la kumwagilia nyasi, na vyoo vya mashabiki havikuwa na maji. Uwanja wa mazoezi wa Melwood ulikuwa vichaka na majani marefu. Alidai maji kwanza, kabla ya wachezaji. Watu waliosimama saa mbili kwenye mvua na kulipa fedha yao, kwa maoni yake, walistahili choo.

Makocha aliowakuta hakuwafukuza. Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett waliambiwa wabaki ila wawe waaminifu, na chumba kidogo cha kuhifadhia viatu kikageuka kuwa mahali pao pa kunywa chai na kupanga mikakati. Wachezaji ndio walioonyeshwa mlango. Katika muda wa mwaka mmoja hivi aliwaondoa 24.

Kuwaondoa kulikuwa rahisi, kwa kuwa hakukuhitaji fedha. Alipotaka kununua, akakuta ukuta ule ule wa Carlisle, Grimsby na Huddersfield. Alimtaka Jack Charlton wa Leeds United, bodi ikashindwa kufika bei. Kila jina alilopeleka lilirudi na jibu la kwamba ni ghali. Msimu wa 1959/60 wakamaliza wa tatu. Msimu wa 1960/61 wakamaliza wa tatu. Mashabiki wakaanza kupungua na kelele zikaanza, na baadhi zilimlenga yeye, wasijue kinachoendelea ndani. Alifikiria kuondoka zaidi ya mara moja.

Mtu aliyeokoa jahazi ni mkurugenzi mpya, Eric Sawyer, mtaalamu wa hesabu aliyetoka Littlewoods, kampuni ya yule yule Moores wa Everton. Sawyer alimsikiliza kocha, kisha akawaambia wenzake jambo ambalo mtu wa hesabu pekee ndiye angeweza kulisema bila kuchekwa: kwamba gharama ya kutowanunua wachezaji hao ni kubwa kuliko bei yao. Nimefikiri sana juu ya mtu huyu. Hakufunga bao hata moja, hana sanamu, vijana wangu hawalijui jina lake, lakini bila yeye huenda Shankly angeondoka Liverpool kama alivyoondoka kwingine.

Mei 1961 Ian St John alitua kutoka Motherwell kwa pauni 37,500, rekodi mpya ya klabu, tena kwa mbali. Julai akafuata Ron Yeats kutoka Dundee United kwa kiasi cha pauni 22,000. Ni wale wale aliowaona akiwa Huddersfield. Kwa furaha yake Shankly aliwaalika waandishi wa habari wamzunguke Yeats, aliyekuwa na urefu wa zaidi ya futi sita, kama watu wanavyozunguka jengo kubwa kulitazama.

Msimu wa 1961/62 haukuwa na mashaka. Roger Hunt alifunga mabao 41 ya ligi. Aprili 21, 1962, mbele ya watu zaidi ya 40,000, Liverpool iliifunga Southampton 2-0 kwa mabao ya Kevin Lewis, aliyecheza badala ya St John, na ikapanda. Mashabiki hawakutaka kuondoka uwanjani. Ilimaliza kileleni ikiwa na pointi 62, pointi nane mbele ya Leyton Orient. Wachezaji wawili tu ndio waliohitajika, na klabu ilikuwa imesubiri miaka minane.

Jambo dogo la kupendeza: mwaka huo huo kaka yake, Bob Shankly, aliipa Dundee ubingwa wa Scotland.

Msomaji anaweza kudhani baada ya hapo bodi ilishika adabu. Haikushika. Miezi michache tu baadaye, mwaka 1962, wakurugenzi walimuuza winga Johnny Morrissey kwa Everton kwa pauni 10,000 bila kumshirikisha kocha. Kwa Everton! Shankly alikaribia kujiuzulu. Alibaki kwa ahadi kwamba haitatokea tena, na msimu huo Everton, Morrissey akiwemo, wakatwaa ubingwa.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapitia haraka. Ubingwa wa ligi mwaka 1964. Kombe la FA mwaka 1965, la kwanza katika historia ya klabu, kwa kuifunga Leeds 2-1 katika muda wa nyongeza, beki Gerry Byrne akicheza karibu mechi nzima na mfupa wa bega uliovunjika. Ubingwa tena mwaka 1966. Kikosi kilipozeeka aliwaacha wakongwe muda mrefu kupita kiasi, na hilo ni kosa lake, hadi Watford ilipowatoa kwenye Kombe la FA mwaka 1970. Akaunda timu nyingine, akamtoa kijana Kevin Keegan kutoka Scunthorpe mwaka 1971. Mwaka 1973 akatwaa ubingwa pamoja na Kombe la UEFA, na mwaka 1974 Kombe la FA kwa kuichapa Newcastle United 3-0.

Pamoja na vikombe hivyo, mimi hukumbuka zaidi siku ya Aprili 1973 walipokuwa wakizunguka uwanja kusherehekea ubingwa. Shabiki mmoja alirusha skafu yake nyekundu, ikaanguka karibu na askari, na askari akaisukuma pembeni kwa mguu. Shankly aliinama, akaiokota, akajifunga shingoni, akamkanya askari yule kwamba kitambaa kile ni maisha ya mtu.

Julai 12, 1974, akiwa na miaka 60, alitangaza kustaafu. Mji mzima ulipigwa na butwaa. Watu walilia barabarani. Sababu aliyotoa ni uchovu na kutaka kukaa na mke wake, na sioni haja ya kutafuta nyingine.

Alijuta mapema. Asubuhi alijikuta anakwenda Melwood kufanya mazoezi na wachezaji, nao kwa mazoea waliendelea kumwita bosi, jambo lililomweka Paisley, mrithi wake, katika hali ngumu. Ikabidi adokezwe kwamba asije. Ilimuumiza. Alikwenda kufanya mazoezi kwa majirani Everton, ambao uwanja wao wa mazoezi ulipakana na mtaa aliokaa, na walimpokea vizuri. Paisley alitwaa ubingwa wa ligi mara sita na Kombe la Ulaya mara tatu kwa msingi alioachiwa.

Kilichomkaa moyoni zaidi ni kile kiti. Wengi walidhani angepewa nafasi katika bodi ya Liverpool, kama yule mjomba wake wa Portsmouth. Hakupewa. Mtu aliyewageuza kutoka timu ya nafasi ya tatu kuwa mabingwa alipewa tiketi kama mgeni mashuhuri. Naelewa hofu yao: nani angependa kukaa meza moja na mtu anayeuliza maswali yake? Ila kuelewa si kusamehe.

Alifariki dunia Septemba 29, 1981, baada ya kupatwa na mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 68. Majivu yake yalitawanywa kwenye nyasi za Anfield. Mwaka 1982 klabu iliweka lango lenye jina lake, na mwaka 1997 sanamu yake, amenyoosha mikono na skafu shingoni.

Workington iliondolewa kwenye ligi kwa kura mwaka 1977. Huddersfield ilianguka hadi Daraja la Nne mwaka 1975. Glenbuck yenyewe haipo tena. Migodi ilipokwisha watu waliondoka, na kilichobaki ni jiwe la kumbukumbu na nyasi.

Hadi anakufa Shankly alikaa katika nyumba ile ile ya kawaida huko West Derby aliyohamia na familia yake miaka ya mwanzo ya Liverpool. Mashabiki walioandika barua walijibiwa, kila mmoja, na majibu aliyachapa yeye mwenyewe kwa taipureta yake. Walioomba tiketi na hali zao zikaeleweka, walizikuta ndani ya bahasha. Na watoto waliokuja kugonga mlango kumuuliza kama anaweza kutoka kucheza, mara nyingi walimkuta yuko tayari, amekwishavaa raba.